Treni inavuka mpaka wa jiji, nauli ni moja: hivi hela nyingine inatoka kwa nani?

"Naishi Vaughan, kaskazini ya Toronto, na kazi yangu iko katikati ya jiji. Asubuhi napanda basi la YRT, shirika la mabasi la mkoa wetu wa York, mpaka kituo cha Vaughan Metropolitan Centre, halafu sabwei (treni ya chini ya ardhi) ya TTC, shirika la usafiri la jiji la Toronto, mpaka kituo cha Union. Wenzangu kazini wanaoishi Toronto wananitania kwamba sisi wa ng'ambo ya Steeles, barabara ya mpakani, tunapanda treni kwa kodi yao. Zamani nilikuwa nalipa nauli mbili, sasa hivi ni moja, ila kuna siku nakatwa mbili na sielewi kwa nini. Nasikia pia hii nauli moja inaweza kuondolewa wakati wowote. Na kwa nini wasitoze tu kwa umbali, kila mtu alipe alichosafiri, mambo yaishe? Mume wangu anataka tununue nyumba kule itakakopita sabwei mpya ya Yonge, mimi naogopa kodi. Naomba unisaidie kuelewa."

Dada yangu, asante kwa swali na pole na utani wa kazini. Umeuliza kama mambo matano kwa mpigo lakini ukiyafumua yana mzizi mmoja, na huo mzizi ndo watu wengi wanaupita juu juu: nauli unayolipa getini ni kitu kimoja na hela inayoendesha treni ni kitu kingine. Mimi nimeshinda miaka mingi kwenye mahesabu ya usafiri wa umma na bado kila nikikaa na watu kwenye shughuli lazima mmoja aniulize, "kwani nauli yetu haitoshi?" Haitoshi. TTC kabla ya korona ilikuwa inapata kama theluthi mbili ya gharama za uendeshaji kutoka mifukoni mwa abiria, na hapo ilikuwa inahesabika kati ya mashirika yanayojitahidi sana Amerika ya Kaskazini nzima. Kilichobaki kinajazwa na kodi, na siku hizi jiji la Toronto linaweka pale zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka. Kwa hiyo kila anayepita getini, awe wa Toronto, wa Vaughan au mgeni aliyeshuka ndege leo asubuhi, kuna mtu anamwongezea. Swali la kweli ni huyo anayeongezea ni nani, na mpaka wa jiji unakuja kuuma hapo tu.

Sasa wenzako wana hoja au hawana? Wana nusu. Nianze na ile nusu ambayo hawana.

Kile kipande chenu cha Line 1, hiyo njia ya sabwei unayopanda, kilifunguliwa tarehe 17 Desemba 2017, kilomita 8.6, vituo sita, na ilikuwa mara ya kwanza sabwei ya TTC kutoka nje ya Toronto. Kiligharimu kama dola bilioni 3.2. Serikali kuu ya Ottawa ilitoa, jimbo la Ontario likatoa, na kile kilichobaki Toronto na York Region, yaani mkoa wenu wenye Vaughan ndani yake, wakagawana kama 60 kwa 40. Gharama zilipozidi makadirio, na zilizidi kweli, ile nyongeza nayo ikagawanywa hivyo hivyo. Upande wenu York Region walianzisha mpaka ada maalumu ya hiyo sabwei wanayotozwa wajenzi wa nyumba mpya, ambayo tusidanganyane, mjenzi haili, anaiweka ndani ya bei ya nyumba na mnunuzi anailipa bila kujua. Kwa hiyo mtu akikwambia hamkuchangia kujenga, mwambie akasome tena.

Ila sasa kuna ile nusu nyingine. Reli ikishajengwa kuna umeme, madereva, lifti, ngazi za umeme zinazoharibika kila wiki, mafundi wa usiku, wafagiaji, walinzi, vipuri, na hii haina siku ya mwisho. Mkataba ulisema TTC ndiyo inaendesha, TTC inachukua nauli, na TTC inabeba hasara, mpaka kwenye vile vituo ambavyo viko ardhi ya Vaughan kabisa. York Region haichangii hasara ya kila mwaka ya sabwei. Yaani harusi ilichangiwa na ukoo mzima, mtoto kaachiwa mmoja alee. Wenzako wakisema kodi yao inaendesha treni yako hawajakosea, wanakosea wanapodhani wewe ndo umewafanyia hivyo.

Kwa nini Toronto ilikubali? Kwa sababu hela ya kujenga na hela ya kuendesha zina tabia tofauti. Ya kujenga inakuja mara moja, kutoka juu, na inakuja na mwanasiasa mwenye mkasi wa kukatia utepe. Bajeti ya Ontario ya mwaka 2006 ilitenga dola milioni 670 kwa ajili ya reli hiyo ivuke mpaka iingie Vaughan, na ukiwa wewe ndo jiji, unayetaka sabwei ifike York University miaka na miaka, umewekewa hela mezani, utasema hapana kwa sababu ya bili za umeme za miaka ishirini ijayo? Husemi. Unachukua. Nimewahi kukaa kwenye kikao, sitasema cha wapi, watu wazima wenye suti wa miji miwili wakabishana saa nzima nani atafagia stendi ya mabasi iliyo juu ya kituo, na ujenzi wa mabilioni walikuwa wameshaupitisha kwa dakika kumi.

Kuna vitu vinavyopunguza makali ya hoja yao pia. Kwanza nauli yako yote ya sabwei ukianzia safari kwenye sabwei inaenda TTC, haigawanywi. Pili hiyo treni haiendi upande mmoja tu, kuna watu wa Toronto wanaopanda kwenda kazini Vaughan. Tatu Ontario inawapa manispaa sehemu ya kodi ya mafuta ya magari, senti mbili kwa lita, na inaigawa asilimia 70 kwa idadi ya abiria na 30 kwa idadi ya watu, sasa abiria wa TTC wanahesabika upande wa Toronto hata kama wanalala Vaughan. Siyo hela ya kufunika pengo lakini siyo sifuri.

Na kuna gharama moja wenzako wanaisikia mwilini ila hawajui kuisema: nafasi. Treni ikianza kujaza watu kule juu, anayesubiri katikati ya njia anakuta imejaa, mlango unafunguka anaangaliwa usoni, unafungwa. Kwenye mkono wa pili wa Line 1, ule wa Yonge, ndo ilikuwa ugomvi mkubwa kabisa, Toronto ilisema msirefushe njia kwenda Richmond Hill, mji mwingine wa York Region, kabla hatujapata njia nyingine ya kuipunguzia mzigo. Hapo siyo suala la dola wala la nani kavuka mpaka, ni kwamba kiti cha saa mbili asubuhi ndo kitu cha bei ghali kuliko vyote kwenye usafiri wa umma, maana treni zote, madereva wote na mitambo yote inanunuliwa kwa ajili ya masaa yale machache.

Sasa labda unajiuliza kama kuna mahali wamefanya vizuri zaidi. Vizuri kabisa hakuna, ila kuna waliokaa chini wakakubaliana mapema. Chukua Washington. Metro yao ilianza kubeba watu 1976 na inaingia jiji la Washington lenyewe, kaunti za Maryland na miji na kaunti za Virginia. Wao kwa miongo mingi hasara ya treni wameigawa kwa fomula: theluthi moja kwa idadi ya watu, na hapo msongamano wa watu unahesabiwa pia, theluthi moja kwa idadi ya vituo vilivyo kwako, na theluthi moja kwa abiria, ila angalia wanavyowahesabu abiria, hawaangalii umepandia kituo gani, wanaangalia unaishi wapi. Bili inakufuata unakolala. Ungekuwa mfumo wa Toronto, wewe ungehesabiwa Vaughan hata ukipandia kituo cha upande wa Toronto, na wale wa Toronto wanaokwenda kazini kwenu wangehesabiwa kwao. Naipenda hiyo kwa sababu inajibu ule utani wa ofisini moja kwa moja. Lakini usidhani iliwaletea amani. Kila mwaka kila serikali ilikuwa inatafuta hela upya kwenye bajeti yake, kila mwaka kuomba, mpaka reli ikachakaa vibaya, na ni 2018 tu ndo wote watatu walikubaliana kuweka dola milioni 500 kwa mwaka za kudumu kwa ajili ya matengenezo makubwa na vifaa.

Na ndiyo, kugawana hasara kuna bei yake nyingine. Anayetoa mchango anataka kiti kwenye kikao. Bodi ya TTC leo ni madiwani wa Toronto na raia walioteuliwa na halmashauri ya Toronto, York hawana kiti. Siku York Region ikianza kulipia uendeshaji itataka kusema ratiba iweje na nauli iwe ngapi, na hapo ndo utaona watu wa Toronto wanaolalamika leo wakigeuka kusema basi bwana, acheni tu tulipe wenyewe. Mimi nimeshaona hiyo sura.

Mfano wa pili, huu wa kujifunza kwa machozi, ni BART, treni za eneo la San Francisco. Mwanzoni ilipangwa kaunti tano. San Mateo ikajitoa Desemba 1961, Marin nayo ikafuata 1962, zikabaki tatu, na wapiga kura wa hizo tatu Novemba 1962 wakakubali kukopa dola milioni 792 kujenga. Baadaye wakaongeza kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ya manunuzi kwenye kaunti hizo tatu, ipo mpaka leo. San Mateo wakakaa pembeni bila hiyo kodi. Sasa miaka imepita, uwanja wa ndege wa San Francisco uko kule San Mateo, kila mtu anataka treni ifike, ikabidi wajadiliane mtu aliye ndani na mtu aliye nje. Kipande kikafunguliwa Juni 2003, na shirika la mabasi la San Mateo ndilo lililobebeshwa hasara ya kuendesha ndani ya kaunti yao. Abiria wakaja wachache kuliko ilivyotabiriwa, hasara ikawa kubwa, mabasi yao wenyewe yakaanza kukosa hela kwa sababu ya treni, wakavutana na BART mpaka 2007 walipokubaliana upya. Na abiria wa kule kwenye safari nyingi wanalipa kiasi cha ziada juu ya nauli, kumbukumbu ya ule uamuzi wa 1961 iko kwenye tiketi kabisa.

Nimekusimulia BART kwa makusudi kwa sababu inajibu lile swali lako la umbali. BART inatoza kwa umbali tangu siku ya kwanza, 1972. Washington nao wanatoza kwa umbali tangu zamani. Na wote wawili wanahitaji kodi, na wote wawili wamegombana kuhusu kodi. Umbali unabadilisha nani analipa getini, hauongezi hela ya kutosha kuziba pengo, na mpaka haujui kabisa kwamba upo. Ukitoza kwa umbali Toronto, atakayeumia kwanza siyo wa Vaughan peke yake, ni mtu wa Scarborough au kaskazini ya Etobicoke, ambaye yuko ndani ya jiji, analipa kodi zote za jiji, na mara nyingi kaenda kukaa mbali kwa sababu pango la nyumba katikati lilimshinda. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo analipa zaidi, mwenye ghorofa karibu na ofisi analipa kidogo. Sisemi ni haramu, miji mingi mikubwa duniani inafanya, ila useme kwa sauti ujue unachokichagua. Halafu kuna suala la ufundi: sabwei ya TTC unagusisha kadi ukiingia tu, ukitoka unapita zako. Umbali unataka uguse na kutoka, vituo vyote, na geti zote zisimamiwe namna hiyo.

Tena Toronto ilishakuwa na kitu kama hicho. Kulikuwa na kanda mbili za nauli, ya ndani na ya nje, zikafutwa 1973. Zilifutwa kwa nini? Kwa sababu vitongoji vya nje vilishaanza kuchangia ruzuku ya TTC kupitia kodi ya pamoja, wakasema haiwezekani tulipe kodi sawa na wa katikati halafu getini tulipe zaidi yao. Hoja ikashinda. Naomba hapa uangalie vizuri maana ndo kiini cha jibu langu lote: nauli ilifanana baada ya mfuko wa kodi kuwa mmoja. Kwenu Vaughan mambo yamekwenda kinyume, nauli imekuwa moja wakati mifuko bado ni miwili. Ndo maana kila mtu anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukieleza.

Ukitaka kuona mpaka ukiwa uchi kabisa nenda Montreal. Metro inafika Laval tangu 2007, na tangu Julai 2022 wana kanda, A ni Montreal, B ni Laval na Longueuil. Ukiwa na tiketi ya A tu unaweza kujikuta umeshuka Laval vizuri halafu kurudi geti linakukatalia, unatakiwa uwe na AB. Wageni wanakwama pale kila siku. Na Tokyo ni vituko vingine, treni ya Namboku Line inaendelea moja kwa moja kuingia Saitama Railway, hujainuka kwenye kiti, ila ukivuka pale Akabane-Iwabuchi inaanza nauli ya kampuni nyingine na ile bei ya kianzio inahesabiwa upya kama umepanda gari jipya. Paris wao wamekwenda upande wa pili, tangu Januari 2025 tiketi ya metro na treni za mkoa ni bei moja, mwaka huo ilikuwa euro 2.50, ukitoa viwanja vya ndege ambavyo vina tiketi yao, lakini wanaweza kwa sababu waajiri wote wa mkoa mzima wenye wafanyakazi kuanzia 11 wanakatwa kodi ya usafiri kwenye malipo ya mishahara. Mfuko mmoja, mkubwa, wa mkoa mzima. Bila ule mfuko hiyo bei moja isingesimama hata mwaka.

Turudi kwako. Hii nauli moja unayoifurahia inaitwa One Fare, ilianza tarehe 26 Februari 2024, na haikutokana na TTC na YRT kupatana. Ilitokana na jimbo kusema: nyie msimtoze abiria mara ya pili, kile mnachokosa tutawarudishia. Mashirika bado ni mbalimbali, mahesabu bado ni mbalimbali, ila kuna mjomba anayelipa tofauti. Inaweza kuondolewa? Kisheria ndiyo, ni uamuzi wa bajeti, na imeshatokea: Januari 2018 jimbo lilianza kulipia punguzo kwa wanaounganisha TTC na GO, treni za jimbo zinazounganisha Toronto na miji ya jirani, na tarehe 31 Machi 2020 hela ikaisha na punguzo likaisha siku hiyo hiyo. Ukiniuliza maoni yangu, hii ya sasa ni ngumu zaidi kuiondoa kwa sababu inagusa watu wengi sana na wengi wao ni wapiga kura wa vitongoji ambao kila chama kinawabembeleza. Ila ningekuwa wewe kila bajeti ya Ontario ikitoka ningetafuta hicho kipengele, na kwenye hesabu za nyumbani ningejua kabisa nauli mbili zingekuwa kiasi gani kwa mwezi, nisije kushtukia.

Kukatwa mara mbili sasa. Mara nyingi nikichunguza malalamiko kama yako nakuta mojawapo ya mambo haya. La kwanza na ndo linaloongoza, umegusisha vitu viwili tofauti: kwenye basi umetumia kadi ya benki ya plastiki, kwenye geti umetumia simu yenye kadi hiyo hiyo ndani yake. Kwako ni kadi moja, kwa mashine ni mbili, simu ina namba yake. Ni lazima kitu kile kile kiguse kote. La pili ni muda, una saa mbili tangu mguso wa kwanza, ukiunga na GO ni tatu, na siku ya theluji basi likichelewa na wewe ukapitia dukani mambo yanaisha. La tatu, uligusa haraka kwenye basi mashine haikusoma, kwa hiyo getini ndo ukaanza safari upya. Na ukilipa basi kwa hela taslimu hiyo haiungi kabisa. Kingine siyo kosa ila kinachanganya watu: unalipa nauli ya pale unapoanzia, sasa asubuhi unaanzia YRT ambayo ni ghali kidogo, jioni unaanzia TTC, kwa hiyo kiasi hakitafanana na hujaibiwa.

Fanya hivi, ingia kwenye akaunti yako ya Presto, ule mfumo wa kadi za kulipia nauli, toa historia ya miguso ya hizo siku, angalia masaa na namba ya kadi. Kama umetumia kitu kimoja, ndani ya saa mbili, na bado umekatwa mbili, hapo usibishane na dereva, yeye hana uwezo wa kukurudishia chochote, nenda na hiyo historia kwenye kaunta ya huduma kwa wateja ya Presto ana kwa ana au piga simu yao, na usikae miezi. Kama ni kadi yenye punguzo la mwanafunzi au mzee halafu inakata nauli ya mtu mzima, hiyo huwezi kuirekebisha mtandaoni mara nyingi, peleka kadi na kitambulisho.

Sasa nyumba. Hiyo sabwei mpya ya Yonge, inaitwa Yonge North, ni kama kilomita 8 kutoka Finch kwenda Richmond Hill, na safari hii anayejenga ni jimbo kupitia shirika lake la Metrolinx. Hofu yako ya kodi naielewa lakini umeiweka mahali pasipo. Watu wanadhani sabwei ikija, thamani ya nyumba inapanda na kodi inapanda hapo hapo. Kodi ya nyumba Ontario, ile mwenye nyumba anayolipa halmashauri, haiendi hivyo. Halmashauri inaamua kwanza inahitaji kiasi gani kwa mwaka, halafu inakigawa kwa nyumba zote kulingana na thamani zao zilizokadiriwa. Nyumba zote zikipanda sawa, mgao wako haubadiliki, utalipa zaidi kama yako imepanda kuliko za wenzako. Tena makadirio yenyewe yamekwama kwenye bei za tarehe 1 Januari 2016 kwa miaka mingi sasa. Kinachoweza kukupandishia kweli ni kama York Region siku moja itakubali kubeba sehemu ya hasara ya kuendesha, maana hiyo itaingia kwenye kodi ya mkoa wenu moja kwa moja. Na hilo ndo swali la kumuuliza diwani wenu uso kwa uso, usimuulize kama sabwei inakuja, kila diwani atakwambia inakuja, muulize nani atalipa uendeshaji mwaka wa kumi na mkataba umeandikwaje. Ukiona anaanza kukueleza uzuri wa vituo, jibu umeshapata.

Kitu ambacho mimi kingenisumbua kuliko kodi ni njia yenyewe. Sehemu ya handaki inapita chini ya nyumba za watu, wakazi wa Royal Orchard kule Thornhill walilalamika sana 2021 mchoro ulipobadilishwa ukawapitia chini. Serikali inaweza kuchukua haki ya ardhi iliyo chini ya kiwanja chako na wewe ukabaki na nyumba juu. Hilo siwezi kukushauri kwa maandishi, na dalali pia usimsikilize kwa hilo, mtafute mwanasheria wa mali kabla hamjasaini chochote, mpeni anwani kamili aangalie kwenye hati kama kuna haki imeshasajiliwa au notisi imeshatoka, na kama ipo muulizeni fidia ilishalipwa kwa mwenye nyumba wa sasa au bado, maana kama ilishalipwa nyie hampati kitu.

Na mume wako akikuonyesha tarehe ya kufunguliwa, mwambie njia ya reli ya Eglinton hapo Toronto ilianza kujengwa 2011, ilitakiwa ibebe watu 2020, na mwaka 2024 ukaisha bado haijabeba mtu. Kwa hiyo mkipiga hesabu ya mkopo wa nyumba, pigeni kama vile mtaendelea kupanda basi.